Vidole havifungi asubuhi, na daktari bingwa ni mpaka wiki saba

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, ni fundi cherehani hapa Morogoro na mama wa watoto watatu. Mdogo ana miezi tisa, bado ananyonya. Alipofikisha miezi minne vidole vyangu vilianza kuuma, kisha vifundo vya mikono yote miwili, sasa hata nyayo kwa mbele. Asubuhi siwezi kufunga kanga mpaka kwenye saa tatu. Mama mkwe anasema sikukandwa vizuri baada ya kujifungua, ndiyo maana baridi imeniingia. Mawifi wanasema ni uvivu, kwa sababu mchana wananikuta mzima. Mume wangu yuko kimya. Duka la dawa wamenichoma sindano mara tatu, kila moja inanipa nafuu siku nne tano tu. Hospitali wamesema huenda ni baridi yabisi, wamenipa barua ya rufaa, na kliniki ni baada ya wiki saba. Mwaka juzi nilitibiwa vidonda vya tumbo. Nitavukaje wiki saba hizi? Niendelee na sindano? Na nina oda ya sare 14 za sendofu.
Fundi, Morogoro

Marahaba mwanangu.

Nianze na sindano, maana ndiyo inayoweza kukuumiza wiki hii hii. Ya nne usichome. Rudi pale dukani bila ugomvi, uombe wakuandikie kwenye karatasi majina ya dawa walizokuchoma, kipimo na tarehe. Sindano za namna hiyo mara nyingi huwa ni diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu, au dexamethasone, au zote mbili kwa mpigo. Wenye vidonda vya tumbo huambiwa "chukua sindano, haipiti tumboni". Wanadanganywa. Diclofenac hupunguza kemikali zinazoulinda ukuta wa tumbo, na hufanya hivyo hata ikiingilia kwenye msuli wa kalio. Ikichanganywa na dexamethasone, hatari ya tumbo kutoka damu inapanda zaidi.

Dexamethasone nayo ni steroidi. Inashusha uvimbe upesi, na hapo ndipo ubaya wake kwako ulipo: ukichomwa siku chache kabla ya kliniki, utamwonyesha daktari mikono mizuri na damu iliyotulia, naye atakuambia urudi baada ya miezi mitatu. Tahadhari moja tu: kama walikupa pia vidonge vya prednisolone na umevimeza kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, usiviache ghafla. Nenda hospitali wakupunguzie taratibu. Na dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu yote ndani ya saa chache uiogope, kwa sababu dawa za aina hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi au diclofenac kimyakimya.

Sasa mama mkwe. Kuna alichokiona sawasawa: maumivu yamekuja baada ya uzazi, na kwa kweli miezi ya kwanza baada ya kujifungua ni wakati ambao ugonjwa huu hupenda kujitokeza. Lakini hautokani na kukosa kukandwa. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageukia utando laini ulio ndani ya viungo na kuushambulia. Utando unavimba, maji yanajaa, na ukiachwa hivyo unaanza kula mfupa. Jina la baridi yabisi ndilo linalowapotosha watu. Asubuhi ya baridi inaweza kukukaza zaidi, ila ugonjwa wenyewe haujaletwa na baridi. Kwa hiyo asije akakukanda leo kwa maji ya moto akibonyeza vifundo vilivyovimba. Kiungo chenye moto hakichuliwi.

Na mawifi? Wanakuja saa nane mchana. Kukaza asubuhi kwa zaidi ya saa nzima kisha kulegea kadiri unavyojinyoosha ndiyo alama ya viungo vyenye uvimbe wa namna hii. Aliyechoka kwa kazi au aliyelika goti kwa umri hukaza dakika chache tu, na huumia zaidi jioni. Huyo mume aliye kimya mpe kazi: akae nawe kuanzia saa 12 asubuhi siku moja, aangalie saa. Halafu akushike mkono kama anayekusalimia, aminye kidogo pale vidole vinapoanzia kwenye kiganja, toka kidole cha shahada hadi cha mwisho. Ukiruka, ameelewa. Madaktari nao hupima hivyo hivyo, kwenye mikono na kwenye nyayo kwa mbele.

Sasa wiki saba. Lengo ni kwamba siku ya kliniki iishe kwa uamuzi, isiishe kwa "nenda kafanye vipimo urudi". Maumivu yako yana miezi mitano tayari, na dawa za ugonjwa huu hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ikiwezekana ndani ya miezi mitatu tangu dalili zianze. Kwa hiyo rudi kwa daktari aliyekuandikia rufaa ukamwombe mambo mawili. La kwanza, aongeze kwenye barua maneno haya: viungo vingapi vimevimba na ni vipi, asubuhi unakaza kwa muda gani, tangu lini, na kwamba unanyonyesha. Barua inayosema "maumivu ya viungo" inapangwa foleni moja na kila mwenye mgongo. Aulize pia kama kuna nafasi ya mapema mgonjwa mwingine asipofika.

La pili, vipimo vianze huko huko uliko: picha kamili ya damu, ESR na CRP za kuonyesha uvimbe, RF na anti-CCP za kutafuta alama za baridi yabisi kwenye damu, figo na ini, homa ya ini B na C, VVU, na eksirei ya mikono na nyayo. Anti-CCP haipatikani kila maabara na bei yake hutofautiana, ulizia kabla hujatoa damu. Majibu usiyasome peke yako usiku ukilia. RF inaweza kutoka chanya kwa mtu mwenye homa ya ini au kifua kikuu asiye na baridi yabisi kabisa, na wapo wagonjwa wa kweli ambao RF na anti-CCP zote ni hasi. Eksirei ya miezi ya mwanzo mara nyingi ni safi. Inapigwa ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Wakikupima asidi ya yuriki ikazidi kidogo, usikubali haraka kuitwa mgonjwa wa gauti, yaani asidi hiyo kuganda kwenye viungo, na kukatazwa nyama na maharage. Gauti kwa mwanamke wa umri wako anayeona siku zake ni nadra, nawe unanyonyesha, unahitaji kula.

Mwambie daktari pia kama maumivu yalianza na homa kali na vipele. Chikungunya, ugonjwa wa mbu uliotambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu kusini, uwanda wa Makonde, kwenye mlipuko wa mwaka 1952, na ambao jina lake ni la Kimakonde, unaweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi na kufanana sana na hali yako. Taja vilevile nywele kukatika, vidonda mdomoni, au wekundu usoni ukipigwa na jua. Hizo humpeleka daktari upande wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili.

Nunua daftari la kurasa 40. Kila siku mistari minne: umeamka saa ngapi, umeweza kufunga kanga saa ngapi, viungo gani vimevimba, umemeza nini. Asubuhi ambayo vidole vimevimba kama ndizi, piga picha kwa simu, mikono yote miwili juu ya meza, mwanga wa dirishani. Uvimbe una tabia ya kupotea siku ya kliniki.

Dawa unayoweza kutumia wakati huu ni paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500, hadi mara nne kwa siku, vikiachana saa sita. Visizidi vinane ndani ya saa 24. Kama uko chini ya kilo 50 au una shida ya ini, muulize mfamasia akupunguzie. Kwa mama anayenyonyesha ni salama. Haitashusha uvimbe, hilo nikuambie wazi, lakini ukiipanga vizuri itakusaidia kuamka. Weka vidonge na maji karibu na kitanda. Mtoto akiamka kunyonya saa 11 alfajiri, meza viwili, rudi ulale, na usijaribu kushika kitu mpaka nusu saa ipite. Soma maboksi: zile diklopa zina diclofenac na paracetamol ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo ukizila pamoja na hivi umezidisha na tumbo umelichokoza. Ibuprofen nayo ni ndugu wa diclofenac. Mwenye tumbo zima, figo nzima na asiye mjamzito anaweza kuitumia siku chache baada ya kula. Wewe na historia yako, hapana, mpaka daktari akuandikie pamoja na dawa ya kulinda tumbo.

Ukishanyanyuka, beseni la maji ya vuguvugu, uyajaribu kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Zamisha mikono dakika 10 hadi 15, na humo humo fungua na funga ngumi polepole mara tano, zungusha vifundo mara tano. Usilazimishe. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto kipe baridi badala yake: barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 10, isiguse ngozi. Usiku usiweke mto chini ya magoti hata kama unakupa raha, maana goti linalolala limekunjwa huzoea kukunjika. Kifundo cha mkono kikiuma sana usiku, kivishe kile kishikizo chenye bati ndani kinachouzwa maduka ya vifaa vya tiba, uvue asubuhi.

Mtoto usimnyanyue kwa kumshika makwapa kwa vidole gumba. Mlete karibu na kifua, ingiza mikono chini yake, uzito ukae kwenye mikono kati ya kiwiko na kifundo. Akinyonya, mto umbebe, si kiganja chako. Ndoo ya lita 20 isahau kwa sasa. Dumu la lita tano lijazwe nusu. Nguo usikamue kwa kuzisokota, zitundike zikichuruzika. Mpini wa kisu na mwiko uuzungushie kitambaa kisha ukaze kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unene kama gunzi la mahindi, kwa sababu kadiri mpini unavyokuwa mwembamba ndivyo vidole vinavyobana zaidi.

Kwenye cherehani, adui yako mkubwa ni mkasi. Kukata kitambaa kizito kunasukuma kidole gumba na kifundo upande ambao ugonjwa huu unapenda kuvipindisha. Ufanye kazi hiyo baada ya saa sita mchana tu, mkasi ukiwa umenolewa. Shona dakika 25, pumzika tano huku umenyoosha vidole. Sindano nyingi zitunge uzi jioni, zichomeke kwenye kitambaa zikusubiri. Kama kanyagio linaumiza nyayo, mafundi wengi hufunga mota kwenye cherehani ile ile. Vaa viatu vyenye soli nene laini, siyo kandambili zilizokwisha. Pasi ya mkaa apige mwingine.

Yapo mambo yasiyongoja wiki saba. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, huwezi kukigusa, pamoja na homa: hospitali siku hiyo hiyo, kinaweza kuwa na usaha, na usaha huharibu kiungo kwa siku chache. Vivyo hivyo choo cheusi kama lami, kutapika damu, kifua kubana, jicho jekundu linalouma, au ganzi na udhaifu wa mikono na miguu.

Siku ya kliniki mwende na mumeo, mchukue daftari, picha, majibu na ile karatasi ya duka la dawa. Kabla daktari hajaandika chochote, sema unanyonyesha, na sema kama mnapanga mtoto mwingine. Methotrexate, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huu, haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Zipo nyingine, kama hydroxychloroquine, ambazo mama anayenyonyesha huweza kupewa. Na siku mkifika kwenye methotrexate, inamezwa mara moja kwa wiki. Waliojisahau wakaimeza kila siku wameumia vibaya, wengine wamekufa. Chagueni siku ya wiki, iandikeni kwenye boksi.

Haya, sare 14. Usizikatae zote wala usizibebe peke yako. Pima wateja mwenyewe, chora kwa chaki, kisha mlipe fundi mwenzako akate zote 14. Wewe ushone nane, yeye sita, na pasi iwe yake. Waambie wenye sendofu leo, kabla hawajaanza kuulizia. Na kama mshono una vifungo mgongoni, wabadilishe mawazo waweke zipu kabla kitambaa hakijakatwa.