Filamu ya Krismasi ya kuangalia na ukoo mzima

Dada, nimekuelewa: ukoo mzima unapanda Kibosho, Kilimanjaro, Desemba, bibi hajui Kiingereza, watoto tele, na mwaka jana ulilazimika kuzima runinga katikati baba mkwe akiwa amekaa hapo hapo.

Mimi ningeweka Home Alone (1990). Nyumba imejaa ndugu, wanagombania pitsa, asubuhi wanaamka wamechelewa safari ya Paris, na katika kukurupuka wanamsahau Kevin. Sehemu ya mwisho ni wezi kuteleza na kupigwa na makopo ya rangi, kwa hiyo bibi atacheka bila tafsiri. Matoleo ya madijei (wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake) yanafurahisha, ila toleo utakalochagua lisikilize lote kwanza peke yako, maana wengine huchomekea matusi yasiyokuwemo.

Christmas Vacation ya 1989 ndiyo inayofanana zaidi na kwetu (yule binamu anayejileta bila taarifa, kila ukoo unaye), lakini ina lugha chafu na kipande cha mwanamke anayeanza kuvua nguo ya kuogelea. Subiri watoto na wakwe walale. The Family Stone (2005) iache kabisa kama mna msiba wa karibuni: vicheko mwanzoni, kumbe mama ana saratani.

Anza saa kumi na mbili jioni, kabla mbege (pombe ya ndizi) haijakolea. Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, mbali na madirisha, na kuiunganisha na nyaya za nyumba ni kazi ya fundi umeme, si ya shemeji. Watoto nao uwaambie mapema: mitego ya Kevin, hasa ya pasi na moto, haijaribiwi kwa mjomba.