Kabla ya Kuomba Leseni ya Televisheni ya Kitaifa

Nimeshiriki mara mbili kuandaa maombi ya leseni ya televisheni binafsi ya kitaifa hapa Tanzania, na mara ya kwanza tulikosea tangu mwanzo, kwa kuwa tulikwenda kuulizia bei ya mnara na transmita kabla hatujasoma aina za leseni zenyewe. Mzee aliyetushauri aliijua kazi hii tangu miaka ya 1990, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipokuwa ndiyo kwanza imewafungulia mlango wenye vituo binafsi, na kila kituo kikirusha matangazo yake chenyewe. Mambo hayo yalianza kufikia mwisho tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam.

Leo, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania humtenganisha anayeandaa maudhui na anayeyafikisha kwenye king'amuzi. Unachoomba ni leseni ya huduma za maudhui kwa ngazi ya taifa. Mitambo ya kurushia ni ya kampuni nyingine yenye leseni yake, nawe utailipa ikubebe. Fedha tulizotenga kwa ajili ya mnara zilipaswa kutengwa kwa malipo hayo, yasiyokoma. (Neno "taifa" nalo lina mipaka yake, kwani Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji.)

Amua mapema pia kama chaneli yako itatazamwa bure au kwa kulipia, maana uamuzi huo ndio unaoonyesha ni visimbuzi gani vinaruhusiwa kukubeba. Mwaka 2018 baadhi ya visimbuzi vya kulipia viliamriwa kuziondoa chaneli za ndani zisizolipiwa, na watazamaji wengi walizikosa ghafla ilhali wenye chaneli hizo hawakuwa wamevunja sharti lolote.

Kilichotuchelewesha zaidi, hata hivyo, ni hisa. Majina ya waombaji hutangazwa ili wananchi watoe maoni, pamoja na wanahisa na uraia wao, na kwa leseni za maudhui uraia huo hutazamwa kwa makini. Mmoja wetu alikuwa ameuza sehemu ya hisa zake bila kumbukumbu za BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, kurekebishwa, kwa hiyo jedwali la umiliki tulilowasilisha halikulingana na la msajili, na tulilazimika kuanza upya. Ningekuwa wewe, ningechukua taarifa mpya ya kampuni kutoka BRELA wiki ileile ya kuwasilisha maombi.

Ratiba ya vipindi tuliiandika usiku mmoja, jambo ambalo sikushauri ulifanye. Tulijaza saa nyingi kwa "vipindi vya ndani", kisha tukaulizwa nani atavitengeneza, kwa kamera ngapi na kwa mshahara gani. Mara ya pili tulipunguza saa za matangazo, tukaambatanisha mikataba ya watayarishaji, na maswali tuliyoulizwa yakawa machache.