Nilisomea uinjinia, naandika maelekezo ya pampu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko mwaka wa tatu uhandisi wa mitambo, GPA yangu ya kawaida tu, na kila tangazo la kazi nikilifungua wanataka uzoefu wa miaka mitano. Hivi mtu aliyesoma kozi hii akakosa kazi ya uinjinia huwa anaishia wapi? Nihame mapema au nikomae tu?

JIBU: Mdogo wangu, mhariri kanitupia swali lako maana anajua mimi ni mmoja wa hao "walioishia". Digrii ninayo, ya mitambo kama yako, na huu mwaka wa nane kazi yangu ni kuandika vitabu vya maelekezo ya mashine. Ndio, vile vinavyokuja ndani ya boksi na hakuna anayevisoma.

Ilianzia fildi. Nilikabidhiwa pampu ya maji na karatasi imeandikwa "funga vali kisha washa mota", sasa ile pampu ina vali mbili, moja upande wa kuvuta moja upande wa kutoa, mi nikafunga ya kuvuta. Iliyotakiwa ni ya kutoa, maana pampu ya aina ile ukiiwasha umefunga kule inakotolea maji mota inaanza na mzigo mdogo, halafu unafungua taratibu, lakini ukiinyima maji ya kuvuta inazunguka kavu na sili yake, ile inayozuia maji yasivuje, inategemea maji hayohayo kupoa. Haikupita muda nikasikia mlio kama mtu anasaga kokoto, halafu harufu ya kuungua. Sili kwisha. Fundi mkuu alinisema mpaka nikatamani ardhi inimeze, alipomaliza nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ni vali ipi, fundi?" Akaichukua karatasi, akaisoma, akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, iandike wewe."

Niliiandika mara sita. Kila nikimaliza nampa mlinzi wa getini asimame mbele ya pampu asome, mi nakaa kimya naangalia kidole chake kinaenda wapi. Mpaka leo ndo ninavyofanya kazi.

Usije ukadhani digrii imekaa bure. Themodainamiki sijapiga hesabu yake tangu mtihani (na nilipata sapu, usiniulize), ila kusoma mchoro, kujua kipi kitaungua kwanza na kwa nini, hivyo natumia kila siku. Wenzangu niliosoma nao mmoja anakagua hasara kwa ajili ya bima, mmoja yuko kwenye hataza za uvumbuzi, mwingine anauza mashine za hospitali na anatuzidi wote kipato. Watu watakuambia pia Rowan Atkinson, yule Mr. Bean, alisomea uhandisi wa umeme, ni kweli, ila mfano huo haukusaidii kitu.

Kuhama? Kama michoro na hesabu vinakukera hama hata kesho. Kama ni matangazo ya kazi ndo yanakutisha, baki.

Ila ripoti zako za maabara acha kukopi za mwaka jana, najua mnakopi, hata sisi tulikopi. Andika yako, na kila namba iwe na kipimo chake. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo chao cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazipokea kama nyutoni, tofauti ya zaidi ya mara nne, na hao ni watu wenye digrii kukuzidi wewe na mimi. Halafu ukifika fildi kaa na mafundi kuliko ofisini, beba daftari, na usione aibu kuuliza swali la kijinga, mi nilichelewa kuuliza ikanigharimu sili.

Ukimaliza ripoti moja ya hivyo itume kwa mhariri anipe, nitaipitia na kalamu nyekundu.