Laibrari ya login umeshaiapdeti, sasa ristati kilichoishika

Kila likitangazwa tundu la bafa kufurika (programu kuandika kupita mwisho wa nafasi ya memori iliyotengewa) kwenye laibrari ya kuthibitisha watumiaji, iwe PAM (ile inayokagua majina na paswedi kwenye Linux na Solaris) au nyingine yoyote inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, watu wanakimbilia kuapdeti pakeji, wanaona namba mpya, wanaandika kwenye tiketi "tayari" afu wanaendelea na mambo yao. Mimi hiyo tiketi siku hizi siiamini hata kidogo. Ulichobadilisha ni faili kwenye diski tu, na anayekushambulia hana habari na faili lako, yeye anaongea na prosesi iliyowashwa zamani na ambayo bado imebeba kodi (code) ileile mbovu kwenye memori.

Chukua PAM ya Solaris, mfumo endeshi wa Oracle, tundu namba CVE-2020-14871 (CVE ni orodha ya umma ya matundu ya usalama), ambalo Oracle walilitolea kiraka Oktoba 2020. Ndani ya PAM hiyo kuna fankshoni inaitwa parse_user_name, kazi yake ni kupokea jina aliloandika mtu anayetaka kuingia na kulinakili herufi moja moja kwenye bafa ya baiti 512 iliyoko kwenye staki (memori ya muda ya fankshoni), na ilikuwa inanakili mpaka ikutane na nafasi au mwisho wa maandishi, wala haiulizi kama bafa imeshajaa. Ukiipa jina refu kupita hapo linamwagikia vitu vya jirani, ikiwemo ile anwani ambayo fankshoni ikimaliza kazi ndo inarudi kwenda, na mtu akishaweza kuandika hapo basi anaiendesha prosesi anakotaka. Na yote haya yanatokea kabla paswedi haijakaguliwa, maana ni jina tu linasomwa, kwa hiyo mshambuliaji hahitaji akaunti yoyote, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ikiwa wazi kwa njia ya keyboard-interactive, yaani seva inauliza na mtu anajibu kwa kuandika, inamtosha. Inaelekea bagi lenyewe lilikaa kimya miaka mingi kwa sababu programu nyingine zilikuwa zinabana urefu wa jina zenyewe kabla ya kulipeleka PAM, yaani usalama wa laibrari ulikuwa unategemea adabu ya anayeiita.

Sasa linganisha na lile la sudo (amri ya kufanya kazi kwa madaraka ya ruti, yaani msimamizi mkuu), CVE-2021-3156, walilolipa jina Baron Samedit. Qualys, kampuni ya usalama, walilitangaza Januari 2021 na lilikuwemo tangu 2011. Nalo ni bafa kufurika, ila kwenye hipu (memori ambayo programu inaiomba ikiwa inaendelea). Lakini sudo inaanza upya kila unapoiita, inafanya kazi yake inakufa, kwa hiyo ukishaweka pakeji mpya, mtu atakayeita sudo sekunde inayofuata anapata mpya. Laibrari haiko hivyo. Kwenye Linux pakeji mpya ikiingia haiandiki juu ya faili la zamani, inaweka jipya mahali pake na lile la zamani linapoteza jina kwenye folda ila linabaki hai maadamu kuna prosesi imelishika. Sshd (seva ya SSH), seva ya meili, FTP, cron (inayoendesha kazi kwa ratiba), skrini ya kuingilia, zote zinaweza kuwa zimelishika, na hazitaliachia mpaka uziristati.

Kuliona ni rahisi, ukiwa ruti andika hivi:

grep -l 'pam.*(deleted)' /proc/[0-9]*/maps

Kila njia itakayotokea ina namba ya prosesi ambayo bado inatembea na laibrari iliyokwisha kufutwa. Mara ya kwanza ukiiendesha utashangaa, kuna vitu vitatokea hapo hukujua hata kama vinagusa PAM. Mimi niliwahi kukuta seva ya FTP ambayo hakuna mtu aliyekumbuka nani aliiweka na kwa ajili ya nani, iko hewani, inapokea majina kutoka nje, na ndo ilikuwa ya mwisho kabisa kuristatiwa maana kila mtu alikuwa anaiogopa. Kama hutaki kuchimba kwa mkono kuna needrestart kwa Debian na Ubuntu, needs-restarting kwa familia ya Red Hat, na zypper ps kwa SUSE.

Ila usitegemee ldd (amri inayoorodhesha laibrari za programu) kwa kazi hii. Watu wanafanya ldd kwenye sshd wanaona libpam iko pale wanadhani wameona yote, kumbe moduli zenyewe, vile vipande vya PAM vinavyofanya ukaguzi kama pam_unix, hazitokei hapo kwa sababu zinapakiwa wakati mtu anaingia, siyo wakati programu inawashwa. Na kama programu imebeba nakala yake ya laibrari ndani kwa ndani, hiyo apdeti yako haitaigusa kabisa, itabidi ikompailiwe upya. Kontena ndo usiseme, kila imeji (kifurushi ambacho kontena inaundwa nacho) ina nakala yake, na ukiingia kuapdeti ndani ya kontena inayotembea unajisumbua bure maana ikiundwa upya inarudi na ile ya zamani. Jenga imeji upya, toa zile kuukuu.

Kuhusu skana ya usalama inayokusumbua kwamba namba ya toleo ni ya zamani wakati umeshaapdeti: distro nyingi (aina za Linux kama Debian) zinachukua kiraka na kukipachika kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kubwa, kwa hiyo namba peke yake haikuambii kitu. Angalia historia ya pakeji, rpm -q --changelog au apt changelog, tafuta namba ya CVE humo.

Kuristati sshd kunatisha watu na wana haki ya kuogopa. Acha terminali moja ukiwa umeshaingia na usiiguse, jaribu konfigi kwa sshd -t, ristati, halafu fungua terminali nyingine na uingie upya. Ukishindwa una ile ya kwanza ya kurekebishia. Jaribu paswedi, jaribu ufunguo, jaribu sudo, angalia kama kazi za cron zinaendelea. Na tafadhali jaribu na paswedi ya uongo uone inakataliwa! Karibu kila mtu anapima kama anaweza kuingia, wachache sana wanapima kama asiyestahili anazuiwa, wakati hiyo ndo kazi yenyewe ya hii laibrari.

Kwa wale mnaoandika kiraka chenyewe, kuna vitu viwili tu nitasema. Jina likizidi urefu likatae, usilikate. Kwenye programu nyingine kukata maandishi ni sawa ila kwenye login majina mawili tofauti yakikatwa yanaweza kuwa jina moja, na hapo umefunga tundu moja umefungua lingine ambalo halianguki wala halipigi kelele. Pia strncpy (fankshoni ya C ya kunakili maandishi kwa kikomo) siyo dawa kama wengi wanavyodhani, maandishi yakijaza bafa yote haiweki sifuri ya mwisho, na anayesoma baada yako anaendelea kusoma mpaka kusikojulikana. Pima urefu kwanza, kisha nakili. Bafa ikiwa 512 basi herufi 511 zipite na 512 zigome, andika jaribio la hizo namba mbili na uliendeshe ukiwa umewasha AddressSanitizer (zana ya kukamata makosa ya memori). Nimesema viwili ila nina cha tatu: usikuze bafa iliyoko kwenye struct ya heda ya umma (muundo wa data ambao programu nyingine zinautumia moja kwa moja) eti ndo suluhisho, programu zote zilizokompailiwa na ukubwa wa zamani zitachanganyikiwa.

Kama kiraka hakijatoka bado, kuzima KbdInteractiveAuthentication (ile keyboard-interactive) kwenye konfigi ya sshd kunapunguza hatari kwa tundu la aina ile ya Solaris, ila ni njia hiyo moja tu umeziba, laibrari bado mbovu kwa wengine wote wanaoiita.

Kuna jambo nimeliweka mwisho ila kwa kweli linatakiwa lifanyike kabla ya yote. Kundi lililotumia tundu la Solaris, ambalo Mandiant, kampuni ya usalama, waliliita UNC1945, lilikuwa linaacha mlango wa nyuma ndani ya PAM yenyewe, ukiandika paswedi yao ya siri unaingia. Ukiapdeti pakeji kwa haraka unafuta moduli iliyochezewa, unaweka safi, na ushahidi wote unaondoka, wewe unabaki unadhani hakuna aliyeingia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote endesha rpm -V pam, au dpkg --verify kwa Debian, na kama kuna moduli hailingani na ya kwenye pakeji, nakili ile moduli pembeni, na seva hiyo itoe kwenye mtandao kwanza, apdeti itasubiri.