Swali: Medali za baba mkwe hazimo kwenye DD-214 yake, tuanzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyeolewa Marekani. Baba mkwe wake alikuwa askari wa miguu wa Jeshi la Nchi Kavu la kule, 25th Infantry Division, Vietnam kuanzia Mei 1968 mpaka Mei 1969, halafu akatoka jeshini mwaka huohuo baada ya miaka yake miwili. DD-214 yake, ile karatasi ya kutoka jeshini, ina medali mbili tu, National Defense na Vietnam Service. Mzee anasema alipigwa na vipande vya motari mkononi akalazwa Cu Chi, lakini Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa na adui, hajawahi kupewa. Dada anataka kujua kama bado inawezekana, na je, wajaze DD-149 (fomu ya kuomba bodi ya kusahihisha kumbukumbu za Jeshi) moja kwa moja?

Dada, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Pili, inawezekana, na asikatishwe tamaa na mtu anayemwambia miaka imepita mno. Ila hiyo DD-149 iwekeni pembeni kwanza, maana hapo ndo familia nyingi zinapoteza mwaka mzima: wanakimbilia kwenye bodi, bodi inawajibu hamjapita kwenye ofisi za chini, rudini mkaanze huko.

Kuna mambo mawili hapa na ukiyachanganya utahangaika. Kuna medali ambayo mtu anaistahili kwa sababu tu alikuwa mahali fulani, tarehe fulani, na kikosi fulani, hiyo hakuna wa kubishana naye, ni karani tu hakuiandika. Na kuna medali inayotaka ushahidi wa tukio, mfano jeraha. Ya kwanza inasahihishwa kiofisi na mnatumiwa DD-215, yaani karatasi ya marekebisho inayokaa pamoja na DD-214 ya zamani (ile ya zamani kwa kawaida haichapwi upya). Ya pili ndo inaweza kufika bodi.

Tuanze na hizo za kiofisi, maana nikisoma ulivyoniandikia naona mzee kadhulumiwa zaidi ya anavyojua. Medali ya Vietnam Service inabeba kinyota cha shaba kwa kila kampeni mtu aliyokuwepo. Kwa tarehe zake, Mei hadi Mei, yeye amepita kampeni nne: Counteroffensive Phase IV, Phase V, Phase VI, na Tet 69. Vinyota vinne hivyo, na kwenye boksi namba 24 ya DD-214 yake umesema imeandikwa medali kavu bila kinyota. Halafu amekaa zaidi ya miezi sita, kwa hiyo anastahili pia Republic of Vietnam Campaign Medal. Halafu kuna Republic of Vietnam Gallantry Cross with Palm, hii ni ya kikosi, ilitangazwa kwa vikosi vya Jeshi vilivyokuwa Vietnam kwa amri kuu namba 8 ya mwaka 1974, sasa angalia hiyo tarehe dada, mzee ametoka 1969, yule karani aliyekuwa anamchapia makaratasi angeiandikaje wakati haikuwepo? Hapo hakuna mtu aliyekosea ila pia hakuna mtu aliyerudi kumtafuta mzee amwambie. Hilo linaniuma kila nikikutana nalo, na nakutana nalo sana.

Angalieni na Good Conduct Medal. Kawaida inataka miaka mitatu, lakini ile ya kwanza inaweza kutolewa kwa aliyetumikia zaidi ya mwaka mmoja na chini ya mitatu akamaliza muda wake vizuri, vijana wengi walioitwa kwa lazima miaka ile walirukwa. Haiji yenyewe, inategemea alama zake za tabia na utendaji. Na kama namba yake ya kazi ilikuwa 11B, yaani askari wa miguu, na alikuwa kwenye mapigano na kampuni yake, ulizieni pia beji ya Combat Infantryman Badge.

Sasa hatua yenyewe. Msiombe medali kabla hamjaliona faili. Ombeni faili lake zima la utumishi kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri, wenyewe wanaita NPRC, kwa fomu SF-180 au kwa mtandao wao, na muandike wazi mnataka nakala ya faili lote maana mkinyamaza mnaweza kutumiwa DD-214 peke yake ambayo tayari mnayo. Kwa vile mzee yupo hai anaweka saini yeye mwenyewe pamoja na tarehe, wewe mkwe huwezi kusaini kwa niaba yake hata kama ndo unayejaza kila kitu. Na ule moto wa tarehe 12 Julai 1973 ambao kila mtu anautaja usiwatie hofu, kwa Jeshi la Nchi Kavu uliunguza mafaili ya waliotoka kati ya 1912 na mwanzo wa 1960, mzee wenu hayumo.

Faili likifika, tafuteni karatasi inaitwa DA Form 20. Ni kadi ndefu imejaa maandishi ya mashine na mengine ya kalamu, imepigwa mihuri, mara nyingi nakala imefifia hivyo isomeni kwenye mwanga mzuri bila haraka. Kipengele 38 kinaonyesha vikosi alivyopitia na alama za tabia. Kipengele 41 ni medali, na si ajabu kukuta humo kitu ambacho hakikuhamishiwa DD-214. Kipengele 40 ni majeraha. Kama kwenye 40 kumeandikwa jeraha na tarehe, dada nusu ya kazi imeisha, ambatanisheni na maombi.

Kama 40 ni tupu, ndo tunaingia kwenye kazi ya kweli, maana Purple Heart inataka vitu vitatu vionekane: jeraha limetokana na adui, limetibiwa na wahudumu wa tiba, na matibabu hayo yaliingia kwenye kumbukumbu rasmi. Kovu lenyewe, hata picha ya eksirei yenye vipande ndani, inasaidia lakini haisemi nani alirusha. Hapa watu wengi hawajui jambo moja: kumbukumbu za kulazwa hospitali za jeshi zilihifadhiwa kwa jina la hospitali na mwaka, si kwa jina la askari, kwa hiyo faili lake likija bila karatasi ya hospitali haimaanishi haipo. Andikeni ombi la pili mkitaja hospitali (kama ni Cu Chi wakati ule, mwulizeni kama ni 12th Evacuation), mwezi na mwaka. Ombeni pia ripoti za asubuhi za kampuni yake kwa miezi hiyo, zile zilikuwa zinaandika nani ametoka kazini kwenda hospitali na nani amerudi. Na kama aliwahi kufungua madai VA, idara ya maveterani ya Marekani, miaka ya 70, karatasi zake za tiba zinaweza kuwa zimekaa huko mpaka leo, ziombeni kwa fomu 20-10206.

Wenzake waliokuwepo siku ile kama wapo hai, waandike walichoona kwa macho yao, tarehe, mahali, nani alimfunga bendeji. Maelezo ya aina ya "namjua ni mtu mwema" hayasaidii kitu.

Mkishapata hayo, yapelekeni pamoja na maombi ya medali; ofisi ikikataa, sasa ndo DD-149 kwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za Jeshi. Sheria inasema miaka mitatu tangu kugundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, kwa hiyo jazeni na mweleze kwa nini mmechelewa. Bodi haipelelezi, inasoma mlichopeleka. Msipeleke barua ya kulalamika bila karatasi. Na hili si la heshima peke yake, mwenye Purple Heart anawekwa kundi la 3 la kipaumbele kwenye matibabu ya VA.

Kuomba marekebisho na medali hakulipiwi, na ofisa wa kaunti wa maveterani au watu wa DAV, chama cha maveterani walemavu, wanasaidia bure, anayewadai hela mkimbieni. Medali zinatumwa kutoka bohari ya Philadelphia, kwa hiyo msishtuke bahasha ikitoka anwani ngeni. Ila ile ya Republic of Vietnam Campaign serikali ya Marekani haiitoi, itaandikwa tu kwenye DD-215 na nyinyi mtainunua dukani. DD-215 ikifika ilinganisheni mstari kwa mstari na mlichoomba, kinyota kimoja kikikosekana wajibuni hapohapo.