Kijiko chenye matunda na mihuri ya 1798: nakshi si ya mwaka huo

Mkuu, umesema umenunua kijiko kikubwa cha fedha cha Kiingereza, kimejaa nakshi za zabibu na majani, ndani kina rangi ya dhahabu, na mihuri yake, yaani zile alama ndogo zinazogongwa kuthibitisha fedha, ni ya London, 1798. Unauliza kama nakshi nayo ni ya 1798. Hapana. Kijiko ni cha mwaka huo kweli, lakini matunda yaliongezwa miongo mingi baadaye, zama za Malkia Victoria.

Nimesafisha vyombo vya fedha miaka tisa kwenye duka la vitu vya kale hapa Birmingham, na vya namna hii vimenipitia mikononi vingi. Vilitoka kwa sonara vikiwa vitupu, pengine na herufi za mwenyewe tu mwishoni mwa mpini. Vizazi vya baadaye vikaona vimepitwa na wakati, vikavipeleka vikagongewe matunda viwe vya kupakulia matunda mezani.

Nakshi ya 1798 hukatwa. Ncha kali inang'oa fedha na kuacha mfereji mwembamba unaometa kama kioo ukikisogeza kijiko kwenye taa, na mgongo unabaki laini. Matunda yako yamesukumwa kwa nyundo: hakuna fedha iliyotoka, imehama tu. Pitisha kidole mgongoni mwa kijiko. Palipotuna upande mmoja pamebonyea upande wa pili.

Sasa chukua lenzi, tazama mihuri nyuma ya mpini: simba anayetembea, kichwa cha chui chenye taji, herufi ya mwaka, herufi za sonara, na kichwa cha Mfalme George III, alama ya kodi iliyoanza 1784. Kuna kimoja nilikishika muda mrefu sana, miguu ya simba imelazwa kabisa, na nilipokigeuza nikakuta ua limegongwa upande wa mbele mahali palepale. Ua lilimkuta simba yupo tayari.

Kwa hiyo usilipe bei ya nakshi ya karne ya 18. Lakini usikidharau pia, kazi ya mkono ile ni nzuri. Kinachoniuma ni vile vitupu vilivyopotea, maana umbo lao lilijitosheleza.

Dhahabu ya ndani iliwekwa ili asidi ya matunda isiile fedha, nayo ni nyembamba mno. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, basi.