Mama ameanza kushikashika ukuta akitembea: mazoezi yaliyotusaidia nyumbani

Mkuu, umeuliza mama yako wa miaka 71, ambaye magoti yanamlegea na anatembea akishika ukuta, afanye mazoezi gani nyumbani bila kuumia. Pole sana. Nami nina mama wa miaka 76 hapa Tanga, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Mama alianguka uani alfajiri akienda kutawadha. Hakuvunjika, lakini sisi watoto tuliingiwa na hofu, tukamkataza kila kitu. Kufagia hapana, kuchota maji hapana, hata chai akaletewa alipo. Tulidhani ndiyo kumtunza. Miezi mitatu baadaye akawa hawezi kuinuka kitini mpaka avutwe mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) alitueleza bila kuficha kwamba misuli ya mtu mzima isipobeba mwili huisha haraka, na tuliokuwa tunamdhoofisha ni sisi.

Dawa ikawa kiti. Kiwe cha mbao, kimeegemezwa ukutani, maana cha plastiki huteleza sakafuni na miguu yake hupinda. Mama anasogea ukingoni, nyayo anazirudisha nyuma kidogo, anainamisha kifua mbele mpaka pua iwe usawa wa vidole vya miguu, ndipo anasimama. Kukaa ndiko kwenye kazi zaidi: ashuke polepole akihesabu moja hadi nne, asijibwage. Wiki ya kwanza alijisukuma kwa mikono, mara tano tu, mapaja yakimtetemeka. Baadaye akafika kumi, mikono kifuani.

Kwa balansi, yaani asiyumbe, anashika meza nzito na kunyanyua visigino. Kisha anasimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10. Mimi nasimama ubavuni kwake, nyuma kidogo, mikono tayari, ila simshiki. Nikimshika ananiegemea mimi.

Asibane pumzi, ndiyo maana nasisitiza ahesabu kwa sauti. Kandambili avue, avae viatu vinavyoshika kisigino. Kama anatumia dawa za presha, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acheni, mpelekeni hospitali. Na kama ameshaanguka zaidi ya mara moja mwaka huu, apimwe kabla hamjaanza, macho na dawa anazomeza pia ziangaliwe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya balansi na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Sisi tunafanya Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baada ya chai.

Mwezi wa nne wa mazoezi mama alidai arudishiwe mbuzi yake ya kukunia nazi. Unajua kilivyo chini kile kibao. Alikuna nazi mbili, akainuka mwenyewe, mkono mmoja ukutani. Wako asianzie huko. Anzeni na kiti kirefu, hata kwa kuweka mto mgumu juu yake, na mto huo mje muuondoe akishazoea.